Elvis Presley: Wimbo uliopuuzwa uliomrejesha mfalme kileleni

MNAMO Juni 2002, macho ya walimwengu yalikuwa yameelekezwa Korea Kusini na Japan kulikokuwa kukiandaliwa fainali za Kombe la Dunia. Mashabiki wa Afrika walikuwa bado wakisherehekea ushindi wa Senegal dhidi ya Ufaransa, waliokuwa mabingwa watetezi, katika mechi ya ufunguzi.

Katika siku hizo hizo, wimbo mmoja ulikuwa ukihanikiza redioni, kwenye runinga na katika kumbi za densi kote Ulaya na kwingineko. Vijana waliousakatia densi wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati uliporekodiwa. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amelala kaburini kwa takriban miaka 25.

Mwimbaji huyo alikuwa Elvis Presley, na wimbo wenyewe ni A Little Less Conversation. Ulipotolewa mara ya kwanza mnamo 1968, haukumtoa mtu jasho. Haukupita nambari 69 katika chati ya Marekani, kisha ukasahaulika.

Jinsi wimbo huo ulivyofufuka ni kisa cha dijei mmoja wa Uholanzi na tangazo la viatu vya kandanda. Lakini ili kuelewa ni kwa nini ulizikwa kwanza, sharti mtu ayafahamu maisha ya aliyeuimba: mwana wa maskini aliyepanda hadi kileleni, akauza jasho lake kwa bei ya kutupa na kufariki akiwa bado kijana wa makamo.

Maisha ya uchochole

Elvis Aaron Presley alizaliwa Januari 8, 1935, katika mji mdogo wa Tupelo, jimbo la Mississippi. Nyumba yao ilikuwa kibanda cha vyumba viwili alichokijenga babake, Vernon. Pacha wake, Jesse Garon, alizaliwa akiwa amekufa, na Elvis akabaki mtoto wa pekee wa Vernon na Gladys Presley.

Umaskini uliiandama familia hiyo. Mnamo 1938 Vernon alifungwa gerezani kwa kosa la kughushi hundi, na katika kipindi hicho mkewe na mwanawe wakapoteza hata kibanda hicho. Yamkini ndiyo sababu Elvis na mamake walikuwa wakipendana kama chanda na pete hadi kifo kilipowatenganisha.

Muziki aliupata kanisani kwanza. Kisha akazisikia nyimbo za majirani Weusi, ambao kwa sheria za ubaguzi za wakati huo hawakuruhusiwa kusoma naye darasa moja wala kuketi naye ndani ya mkahawa mmoja. Mnamo 1945, akiwa na umri wa miaka 10, alipanda jukwaani katika maonyesho ya kilimo ya Tupelo na kuibuka wa tano. Mwaka uliofuata alinunuliwa gitaa.

Mwishoni mwa 1948, wazazi wake walihamia jiji la Memphis, jimbo la Tennessee, kusaka riziki. Waliishi katika nyumba za serikali zilizotengewa watu wa mapato ya chini. Elvis alikamilisha masomo ya sekondari katika shule ya Humes mnamo 1953, kisha akaajiriwa kazi ya udereva wa lori katika kampuni iliyohusika na umeme.

Mwaka huo huo, aliingia katika studio ya Sam Phillips, mwenye kampuni ya Sun, akalipa karibu dola nne na kurekodi nyimbo mbili kwa gharama yake. Hakuna aliyeshtuka. Alirudi kwa kazi zake za kawaida, lakini Phillips hakumsahau.

Usiku uliobadilisha kila kitu

Julai 5, 1954, Phillips alimwita studioni pamoja na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Kwa saa kadhaa hawakupata lolote la maana. Walipokuwa wamepumzika, Elvis alianza kufanya mzaha kwa kuimba That's All Right, kibao cha zamani cha mwanamuziki Mweusi, Arthur Crudup. Wenzake wakamfuata kwa ala zao, na Phillips akatambua mara moja kwamba ameusikia mlio aliokuwa akiutafuta.

Siku chache baadaye, mtangazaji Dewey Phillips aliucheza wimbo huo mara kadhaa usiku mmoja katika redio ya WHBQ. Simu za wasikilizaji zikafurika. Elvis aliitwa studioni kwa mahojiano, na miongoni mwa maswali ya kwanza aliyoulizwa ni shule aliyosomea. Jibu lake liliwafahamisha wasikilizaji kwamba kijana huyo alikuwa Mzungu, kwani wengi walidhani ni Mweusi.

Hilo ndilo lililokuwa siri ya mafanikio yake, na ndilo pia lililozua lawama ambazo hazijaisha hadi leo. Alizipeleka nyimbo za Weusi katika sebule za Wazungu, akavuna mamilioni ambayo waasisi wa muziki huo hawakuwahi kuyaona. Crudup mwenyewe alifariki mnamo 1974 bila kulipwa mrabaha aliostahili.

Kutokea hapo mambo yalikwenda kwa kasi ya umeme. Mnamo Novemba 1955 kampuni ya RCA ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000, kiasi kikubwa mno wakati huo. Mnamo 1956, Heartbreak Hotel ukashika nambari moja. Septemba mwaka huo, takriban watu milioni 60 walimtazama katika kipindi cha Ed Sullivan. Wazazi na wahubiri walimlaani kwa jinsi alivyonengua kiuno, na Januari 1957 kamera za kipindi hicho zikamwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu pekee.

Mnamo 1957, akiwa na umri wa miaka 22, aliwanunulia wazazi wake jumba la Graceland mjini Memphis kwa zaidi ya dola 100,000. Mwana wa kibanda cha Tupelo alikuwa amefika.

Meneja mwenye siri

Aliyesimamia shughuli hizi zote alikuwa Tom Parker, maarufu kwa jina la Kanali. Hakuwa kanali wa jeshi. Cheo hicho kilikuwa cha heshima alichotunukiwa na gavana wa Louisiana. Hata jina lenyewe halikuwa lake. Alizaliwa Andreas van Kuijk mjini Breda, Uholanzi, mnamo 1909, na aliingia Marekani bila stakabadhi halali.

Wengi huamini kwamba siri hiyo ndiyo iliyomzuia Elvis kuzuru dunia. Ingawa sauti yake ilifika pembe zote za ulimwengu, hakuwahi kutumbuiza nje ya Marekani isipokuwa katika maonyesho machache nchini Canada mnamo 1957. Meneja asiye na pasipoti hangeweza kumsindikiza ng'ambo, naye hakutaka kumwachia mwingine nafasi hiyo.

Mnamo Machi 1958, Elvis alijiunga na jeshi kama vijana wengine wa Marekani walioitwa kwa lazima. Agosti mwaka huo mamake akafariki, pigo ambalo wandani wake walisema hakuwahi kupona. Baadaye alitumwa Ujerumani, alikokutana na Priscilla Beaulieu, ambaye alikuja kumwoa mnamo 1967. Alirejea nyumbani Machi 1960.

Parker alikuwa amekwisha kuamua kwamba pesa za haraka zilikuwa Hollywood. Kwa karibu mwaongo mzima, Elvis aliigiza filamu moja baada ya nyingine, hadi zikafika 31. Nyingi zilifanana kama shilingi kwa ya pili: kijana mtanashati, gari au mashua, warembo na nyimbo kadhaa za kujaziliza.

Nyimbo hizo ndizo zilizoanza kumwangusha. Watunzi waliotaka kazi zao ziimbwe na Elvis walilazimika kuachia sehemu ya mapato yao. Waliokuwa na vipaji vikubwa walikataa na kwenda zao. Baada ya 1962, miaka saba ilipita kabla ya Elvis kupata tena nambari moja nchini Marekani, huku Beatles na makundi mengine ya Uingereza yakitamba.

Wimbo unazaliwa, unazikwa

Ni katika msimu huo wa ukame ambapo A Little Less Conversation ulizaliwa. Watunzi wake walikuwa Mac Davis, kijana kutoka Texas, na Billy Strange, mpiga gitaa na mpangaji wa muziki. Davis alikuwa ameuanza akimwazia Aretha Franklin. Strange alipohitaji wimbo wa filamu mpya ya Elvis, Live a Little, Love a Little, Davis akautoa.

Ulirekodiwa Machi 7, 1968, mjini Hollywood. Haukuwa wimbo mbaya. Ulikuwa na ngoma zenye msukumo, gitaa lenye makeke na Elvis aliyesikika kana kwamba ameamka usingizini. Maudhui yake ni mepesi: mwanamume anamrai mwanamke aache maneno mengi na kuchukua hatua.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wimbo huu haukupewa hata meza ya kuuzia. Ulidumu kwa dakika mbili na ushei tu. Ulitokea ndani ya filamu ambayo watazamaji waliisahau upesi. Kwenye santuri, ulioanishwa na Almost in Love, wimbo wa taratibu wa filamu hiyo hiyo. Isitoshe, kufikia wakati huo vijana walikuwa wamekwisha kuamua kwamba lolote lililotoka katika filamu za Elvis halifai kusikilizwa.

Ulifika nambari 69 na kutoweka.

Kuna jambo moja zaidi lililotokea mwaka huo, ambalo umuhimu wake ungeonekana baada ya miongo mitatu. Juni 1968, Elvis alikuwa akiandaa kipindi maalumu cha runinga ya NBC. Parker alitaka awe amevaa suti akiimba nyimbo za Krismasi. Mwelekezi wa kipindi, Steve Binder, alikataa, na kwa mara moja Elvis akamuunga mkono mtu mwingine dhidi ya meneja wake.

Kipindi hicho kilipopeperushwa Desemba 3, 1968, Marekani ilimwona Elvis mwingine: amevalia ngozi nyeusi, ameketi karibu na mashabiki, anaimba kwa jasho na bashasha. Alikitamatisha kwa If I Can Dream, wimbo wa matumaini uliotungwa baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mjini Memphis miezi michache kabla. Mfalme alikuwa amerejea.

Katika maandalizi ya kipindi hicho, Elvis aliurekodi upya A Little Less Conversation kwa sauti kali zaidi kuliko ile ya filamu. Hata hivyo toleo hilo halikutumiwa. Liliwekwa ghalani na kukaa humo kwa miaka 30, hadi 1998 lilipotolewa katika albamu ya kumbukumbu ya kipindi hicho.

Kilele cha pili na mwisho wa mapema

Mwaka wa 1969 ulikuwa wa neema. Ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini, na Elvis alirudi kurekodi Memphis. Huko aliimba In the Ghetto, kazi nyingine ya Mac Davis, na Suspicious Minds, uliompa nambari moja yake ya mwisho nchini Marekani. Julai mwaka huo alianza kutumbuiza Las Vegas, ambako angefanya maonyesho zaidi ya 600.

Januari 14, 1973, tamasha lake la Hawaii lilirushwa kwa setilaiti hadi mataifa mengi. Lakini nyuma ya mavazi yenye kumetameta, mambo yalikuwa yakienda mrama. Ndoa yake ilivunjika mwaka huo. Afya yake ilizorota huku akitegemea dawa zilizoandikwa na madaktari, na uzani wake ukaongezeka.

Mwaka huo pia ulifanyika uamuzi ambao huenda ndio mbaya zaidi katika historia ya muziki. Kwa dola milioni 5.4, RCA ilinunua haki ya mrabaha wa nyimbo zote ambazo Elvis alikuwa amezirekodi kufikia wakati huo. Hapo ndipo zilipokwenda Heartbreak Hotel, Hound Dog na Suspicious Minds. Hapo ndipo ulipokwenda pia wimbo uliosahaulika wa 1968, ambao hakuna aliyedhani ungekuwa na thamani yoyote.

Fedha hizo hazikuingia zote mfukoni mwa Elvis. Tangu 1967, Parker alikuwa akichukua nusu ya mapato mengi ya msanii wake, ilhali mameneja wengi waliridhika na asilimia 10 hadi 25. Baada ya Parker kuchukua fungu lake na serikali kutoza ushuru, mwenye sauti alisalia na sehemu ndogo.

Agosti 16, 1977, Elvis alipatikana amezirai sakafuni katika bafu la Graceland. Alitangazwa kuwa amefariki siku hiyo hiyo kutokana na matatizo ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 42. Maelfu ya waombolezaji walifurika malangoni mwa jumba lake, na majuma machache baadaye wimbo wake wa Way Down ukashika nambari moja nchini Uingereza.

Alimwacha binti mmoja, Lisa Marie, aliyekuwa na umri wa miaka tisa. Katika miaka iliyofuata, mahakama ilichunguza mikataba ya Parker na ikabainika kwamba alikuwa amejinufaisha kupita kiasi. Uhusiano wake na mali ya marehemu ukakatizwa. Ili kuokoa urithi wa bintiye, Priscilla alifungua Graceland kwa watalii mnamo 1982, na hapo ndipo pesa zikaanza tena kuingia.

Mholanzi mwingine

Mnamo 2001, toleo lile la wimbo lililokaa ghalani lilisikika katika filamu ya Ocean's Eleven, inayosimulia wizi katika kasino za Las Vegas. Watu waliuulizia. Wengine hawakuamini kwamba alikuwa Elvis.

Wakati huo kampuni ya Nike ilikuwa ikitayarisha tangazo la Kombe la Dunia la 2002. Mwelekezi wake alikuwa Terry Gilliam. Wachezaji nyota 24, wakiwemo Ronaldo wa Brazil, Thierry Henry na Luis Figo, waligawanywa katika timu za watatu watatu na kufungiwa ndani ya kizimba melini, huku Eric Cantona akiwa mwamuzi. Timu ya kwanza kufunga bao ndiyo iliyosonga mbele.

Muziki wa tangazo ulikabidhiwa Tom Holkenborg, Mholanzi aliyejulikana kwa jina la Junkie XL. Ni kinaya kwamba Mholanzi mmoja ndiye aliyemfungia Elvis nyumbani maisha yake yote, na Mholanzi mwingine ndiye aliyemtembeza dunia baada ya kufa.

Kufanya remiksi ni sawa na kupika upya chakula cha jana kwa viungo vipya. Holkenborg alilichukua lile toleo la Juni 1968. Aliiacha sauti ya Elvis kama ilivyokuwa, wala hakuificha chini ya mashine. Kisha akaongeza ngoma nzito za kielektroniki na besi ya kutikisa sakafu, akarudiarudia vipande vya gitaa na tarumbeta, na kuurefusha wimbo ili wachezaji wapate muda wa kupandwa na mori kabla ya kibwagizo.

Kilichofanya kazi hiyo ifaulu ni kwamba mbegu ilikuwemo tangu mwanzo. Midundo ya 1968 ilikuwa tayari ya densi, ila ilikatizwa mapema mno. Yale maneno ya kutaka vitendo badala ya porojo, yaliyoonekana ya mzaha ndani ya filamu, yalilingana barabara na wanasoka waliofungiwa kizimbani.

Wasimamizi wa mali ya Elvis, waliokuwa wakililinda jina lake kama mboni ya jicho, waliidhinisha remiksi kwa mara ya kwanza. Lakini jina la Junkie, linalomaanisha mraibu wa dawa za kulevya, halikufaa kuwekwa kando ya jina la mtu aliyeangamizwa na dawa. Kwenye santuri likafupishwa kuwa JXL.

Matokeo yaliwashangaza hata waliohusika. Wimbo ulishika nambari moja katika mataifa zaidi ya 20. Nchini Uingereza ulikaa kileleni kwa majuma manne na kumpa Elvis nambari moja ya 18. Hadi wakati huo alikuwa sare na Beatles, kila upande ukiwa na 17. Mashindano yaliyoanza miaka ya 1960 yaliamuliwa na marehemu.

Nchini Marekani wimbo ulifika nambari 50 pekee, ila ulikuwa umekwisha kufungua mlango. Septemba 2002 ilitolewa albamu ya nyimbo zake 30 zilizowahi kuongoza chati, na remiksi hiyo ikaongezwa kama ya 31. Albamu iliingia moja kwa moja katika nambari moja nchini Marekani, jambo ambalo Elvis hakuwahi kulifanya akiwa hai. Mwaka uliofuata, dijei Paul Oakenfold aliupika upya Rubberneckin', nao ukafika nambari tano Uingereza.

Holkenborg aligeukia muziki wa filamu na kupata sifa kwa kazi kama Mad Max: Fury Road ya 2015. Mac Davis, aliyefariki mnamo 2020, na Billy Strange, aliyeaga mnamo 2012, walijaliwa kuuona wimbo wao wa ujanani ukizaliwa mara ya pili.

Elvis hakujaliwa hivyo. Hakuona vijana wa Paris na Tokyo, miji ambayo hakuwahi kuiimbia, wakimchezea. Na hata angekuwa hai, mrabaha wa sauti yake katika wimbo huo alikuwa amekwisha kuuuza mnamo 1973, pamoja na mingine yote, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba kilichotupwa ghalani kilikuwa bado kinapumua.